Tupeane uzoefu: mnapimaje usanifu wa mfumo wa kompyuta, yaani mpango wa sehemu zake na zinavyoungana, unapoanza na unapoendelea kukua?

Mwenye mada, Nakuru: Wakuu, naanza mimi. Tulikuwa tunatengeneza mfumo wa kupokea maziwa kwa chama cha wakulima upande wa Njoro. Kwenye mchoro, simu ya karani inatuma kilo za maziwa kwenye seva papo hapo. Tukamwita karani mmoja kikaoni. Akauliza, "Mtandao ukipotea na foleni ya mitungi iko mbele yangu, nafanyaje?" Kimya. Tukaamua simu itunze rekodi, itume baadaye. Hapo likazuka jingine: duka la chama hukopesha malisho kwa kuangalia salio la mkulima, na sasa salio lingechelewa. Tulivutana sana. Mwishowe mapokezi yakapewa kipaumbele, na duka likawekewa kiwango cha chini cha mkopo hadi rekodi zifike.

Mwanachama, Kisumu: Hongera, hiyo ndiyo ATAM yenyewe, mbinu ya kupima usanifu kutoka SEI, taasisi ya uhandisi wa programu ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kule Marekani. Wadau wanataja visa halisi, mnavipanga kwa uzito na ugumu, kisha mnaupitisha usanifu kwenye kila kisa muone wapi sifa moja ya mfumo, mfano kasi, inaikaba nyingine, mfano usahihi. Ikifuatwa yote huchukua siku kadhaa. Sisi hutenga alasiri moja na inatosha.

Shida yetu ilikuja baadaye. Mfumo wa zahanati ulipimwa vizuri, halafu yakaongezwa malipo ya simu bila mtu kurudi kwenye mchoro. Taarifa ya malipo ikifika mara mbili, mgonjwa anapata risiti mbili. Mhasibu ndiye aliyegundua. Tangu hapo, kipengele chochote kinachogusa pesa tunakipitishia visa vyote vya zamani.

Mwanachama, Kakamega: Andikeni na sababu, tafadhali. Nilirithi mfumo wa shule wenye foleni ya ujumbe, yaani sehemu inayoweka maombi kwenye mstari yashughulikiwe kwa zamu, iliyoonekana haina kazi. Nikiwa karibu kuiondoa, nikakuta maelezo mafupi: matokeo yakitangazwa, wazazi huingia wote kwa pamoja. Nikaiacha.

Mwenye mada, Nakuru: Wa Kisumu, hivyo visa mnaviweka wapi? Vyetu viko kwenye daftari tu.

Mwanachama, Kisumu: Pamoja na msimbo wa programu wenyewe. Vinavyowezekana tumevigeuza majaribio yanayojiendesha kila tunapounganisha mabadiliko. Cha risiti mbili ndicho cha kwanza.