Mzee ana saratani ya mapafu, tumuulize nini daktari?

Wakuu, naombeni ushauri. Mzee wangu ana miaka 68, kavuta sigara tangu ujana. Kikohozi kilimganda, akameza dawa za TB miezi miwili bila nafuu. Sitaki hata kuanza habari za hospitali ile. Baadaye CT scan na kipimo cha kinyama vikaonyesha saratani ya mapafu, hatua ya nne, yaani imeshasambaa mwilini.

Daktari wa sasa ametupa njia mbili: dripu za kemo kila baada ya wiki tatu, au mionzi michache na dawa za kutuliza maumivu. Nikaitikia "sawa daktari" kama mtoto wa shule. Tulipotoka tu mlangoni mzee akaniuliza, "Kwani amesema nitapona?" Nikajifanya natafuta funguo.

Dada anataka kemo ianze kesho. Mzee anataka kurudi Moshi kwenye migomba yake.

Jumanne tuna kliniki. Nimesikia uvimbe hupimwa vinasaba kuona kama kuna badiliko kwenye kinasaba kiitwacho EGFR, na wenye badiliko hilo hupewa vidonge. Niulize kabla ya kemo? Akianza ikamshinda, anaruhusiwa kuacha? Na nyie mliouguza, mgonjwa mlimwambia yote?