Naomba ushauri: folda ya kushea iko kwenye Mac, Windows zinagoma kusevu

Habari zenu wakuu. Ofisini tuna Mac mini inayotumika kama seva ya mafaili, wengine wote tuko Windows 11 kupitia SMB (njia ya kushea mafaili kwenye mtandao). Folda inafunguka vizuri na kila mtu ana akaunti yake. Kasheshe ni hii: mhasibu akitengeneza faili la Excel humo, mwenzake analifungua, lakini akitaka kusevu anaambiwa ni la kusoma tu. Nikiliangalia kwenye Mac, mwenye faili ana ruhusa ya kusoma na kuandika, ila kundi la staff (Mac huwaweka humo watumiaji wake wote) lina kusoma peke yake.

Nikibadilisha ruhusa za folda na kuzishusha hadi vilivyomo ndani, mambo yanatulia. Likija faili jipya, tatizo lilelile.

Naona dawa ni ACL ya kurithisha (orodha ya ruhusa ambayo mafaili na folda mpya huirithi kutoka folda kuu), yaani amri ya chmod +a yenye file_inherit na directory_inherit. Aliyeifanya anisaidie: niipe staff au niunde kundi jipya? Na yale mafaili ya zamani nayafanyaje? Kuifungulia everyone (yaani mtu yeyote) sitaki kabisa, orodha ya mishahara imo humo.

Natanguliza shukrani.