Nyumba ya mabati Kisumu: tokeni zinaisha haraka na joto halipungui

Mwalimu wa Migosi aliuliza:

Salamu kwenu nyote. Nilihamishiwa Kisumu mwezi wa Januari baada ya kuishi Nakuru, mtaa wa Kiamunyi, kwa miaka 9. Kule tulizoea kulalamikia baridi ya mwezi wa saba, na nilipopokea barua ya uhamisho nilimwambia mume wangu kwamba sasa tutapumzika na gharama ya stima, kwa kuwa hatutahitaji tena hita chumbani. Mambo yamekuwa kinyume kabisa. Tokeni za shilingi 1,000, ambazo Nakuru zilitufikisha karibu wiki mbili ikiwa si msimu wa baridi, hapa zinakwisha kwa siku tano.

Nyumba tuliyopanga ina vyumba vitatu vya kulala, imeezekwa kwa mabati, na ni sebule pekee iliyo na dari. Kufikia saa nane mchana, chumba cha mama mkwe wangu, kilicho upande wa magharibi, huwa kama tanuri. Mama ana miaka 74 na anatumia dawa za shinikizo la damu. Tulimnunulia feni ya kusimama, lakini tulipoona tokeni zinavyokwenda tulikubaliana feni zote mbili za nyumbani zizimwe saa nne usiku, na mchana ziwashwe joto likizidi tu. Mama hajalalamika hata mara moja. Hata hivyo, ninaporudi kutoka shuleni na kumkuta amekaa mlangoni akijipepea kwa kipande cha katoni, moyo wangu hauna raha.

Vifaa vingine tulivyo navyo ni friji, runinga, pasi, balbu na shawa ya umeme iliyokuwa bafuni tulipohamia. Mwalimu mwenzangu amenishauri nichukue mkopo wa chama ninunue kiyoyozi kidogo kwa ajili ya chumba cha Mama. Je, ni busara? Na kama si busara, nifanye nini ili nyumba ipoe bila kutumaliza?

Fundi wa umeme, Kondele, alijibu:

Mwalimu, pole kwa hali hiyo, na umpe Mama salamu zangu. Kabla hujachukua mkopo wowote, naomba uwashe feni ya Mama usiku wa leo na uiache hadi asubuhi, kwa maana nina hakika karibu kamili kwamba mmekuwa mkiishtaki feni kwa kosa ambalo haikulitenda.

Kila kifaa cha umeme kina kibandiko au maandishi nyuma yake yanayoonyesha wati zake. Chukua wati hizo, zidisha kwa saa ambazo kifaa kinatumika, kisha gawanya kwa 1,000. Jibu utakalopata ndilo idadi ya uniti. Feni ya kusimama kwa kawaida huwa na wati kati ya 50 na 70. Tuseme ni 60. Ikizunguka saa 10 inakula uniti 0.6, na kwa mwezi mzima uniti 18. Sasa nenda bafuni. Shawa nyingi za umeme zinazouzwa hapa nchini zina wati 5,500 au karibu na hapo, kwa sababu zinalazimika kupasha maji moto katika muda ule mfupi yanapopita kwenye kichwa cha shawa. Ukisema watu watano wanaoga, kila mmoja kwa dakika nane, hizo ni dakika 40 kwa siku, yaani uniti 3.7 hivi, na kwa siku 30 ni uniti 110. Kwa maneno mengine, mtu mmoja akioga dakika nane ametumia umeme ambao ungemzungushia Mama feni kwa saa 12.

Kuhusu kiyoyozi, kile kidogo kabisa cha chumba kimoja huvuta karibu wati 1,000 kompresa, yaani mota yake ya kupoza, inapofanya kazi. Katika chumba kilichofungwa vizuri kompresa hupumzika mara kwa mara, lakini chini ya mabati yasiyo na dari haitapata nafasi ya kupumzika mchana. Saa sita kwa siku zitakupa karibu uniti 180 kwa mwezi. Mimi hupata riziki yangu kwa kufunga vifaa hivi, na bado nakusihi usikinunue kwa nyumba hiyo.

Nina swali moja: kule Kiamunyi mlikuwa mkioga maji yaliyopashwa moto na nini?

Mwalimu wa Migosi:

Asante sana, fundi. Swali lako limenifanya nikae kimya kwa muda. Kule mwenye nyumba alikuwa ameweka sola ya maji juu ya paa, kwa hiyo kwa miaka 9 hatukuwahi kulipia maji ya moto. Nimekwenda kusoma kibandiko cha shawa: ni wati 5,500. Sisi watano tunaoga hapo kila jioni, na Mama peke yake ndiye anayetumia beseni. Kwa hiyo aliyetumia umeme mdogo kuliko sote ndiye tuliyemzimia feni.

Fundi wa umeme, Kondele:

Usijilaumu, Mwalimu, kwa kuwa feni inaonekana na kusikika ikizunguka usiku kucha, ilhali shawa hufunguliwa na kufungwa kabla mtu hajakumbuka mita. Fanya jambo moja zaidi. Zima kila kitu ndani ya nyumba, ukianza na swichi kuu, kisha uangalie taa ndogo nyekundu ya mita. Kwenye uso wa mita kumeandikwa taa hiyo inamulika mara ngapi kwa kila uniti, mara nyingi 1,000. Ikiwa swichi kuu imezimwa na taa bado inamulika, basi kuna waya unaovuta umeme kabla ya kufika kwenye swichi yako, na hapo umwite fundi aliye na leseni, usiuguse mwenyewe.

Mjenzi wa Maseno alijibu:

Fundi amemaliza habari za umeme, nami niseme habari za paa, kwa sababu feni humpoza mtu lakini haipozi chumba, na chumba cha Mama kina shida yake yenyewe.

Sisi huku Maseno tuko juu ya mstari wa ikweta wenyewe, na Kisumu iko hatua chache tu kusini yake. Maana yake ni kwamba mwaka mzima jua la adhuhuri liko karibu na utosi, na sehemu ya nyumba inayopigwa zaidi ni paa. Kuta za mashariki hupigwa asubuhi, za magharibi alasiri, na zile zinazotazama kaskazini na kusini hupata nafuu. Mama amewekwa magharibi, chini ya mabati matupu, kwa hiyo anapokea joto la paa na la ukuta kwa wakati mmoja, tena saa zilezile ambazo hewa ya nje imefikia kilele cha joto. Ikiwezekana, mhamishieni chumba kingine leo hii. Hilo halina gharama.

Bati likishika moto halipashi hewa peke yake. Linatupa joto moja kwa moja chini, kama vile jiko linavyokupasha uso hata ukiwa umesimama mbali nalo. Ndiyo maana kitu chochote kinachokaa kati ya bati na mtu, kikiacha nafasi ya hewa, kinaleta tofauti kubwa. Dari ya mbao nyembamba au ya jasi ndiyo bora. Asiyeweza kumudu dari anaweza kutandaza chini ya bati ile karatasi nzito inayong'aa kama fedha, inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, na upande unaong'aa utazame mahali penye nafasi ya hewa. Kupaka bati rangi nyeupe kwa nje kunasaidia pia, kwa kuwa weupe hurudisha jua, ingawa vumbi na kutu hupunguza faida hiyo kadiri miaka inavyopita. Hakikisheni vilevile kwamba matundu ya hewa yaliyo juu ya madirisha hayajazibwa kwa magazeti. Nimeingia nyumba nyingi Manyatta na Nyalenda nikakuta yamezibwa yote, na sababu inaeleweka: mbu.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Hewa ya usiku Kisumu hupoa vizuri, lakini watu wa eneo la ziwa tunafunga madirisha jua linapotua kwa sababu ya malaria, na tuna haki ya kuiogopa. Matokeo yake ni kwamba kuta zilizokunywa joto mchana kutwa zinalimwaga ndani usiku kucha, nalo halina pa kutokea. Wavu wa mbu wa dirishani, ule wa kupigiliwa kwenye fremu ya mbao, ni kitu cha bei nafuu kuliko feni yenyewe, na seremala yeyote anautengeneza kwa nusu siku. Ukiweka wavu kwenye madirisha mawili yanayotazamana na kwenye matundu ya hewa, unaweza kuyaacha wazi hadi alfajiri, kisha asubuhi, jua linapoanza kuwaka, mnafunga pazia za upande wa mashariki, na baada ya saa sita mnahamia zile za magharibi. Chandarua cha kitandani kiendelee kutumika hata hivyo.

Kwa kuwa nyumba si yako, mwandikie mwenye nyumba umwombe gharama ya dari ya chumba kimoja ikatwe kwenye kodi kidogo kidogo, na mkubaliane kwa maandishi kabla msumari wa kwanza haujapigwa. Wengi hukubali wakiona kwamba dari itabaki kuwa mali yao.

Muuguzi mstaafu, Molo:

Mwanangu Mwalimu, nimesoma nikiwa kwenye baridi ya Molo, lakini nimefanya kazi Kisumu miaka mingi na ninamwazia mama yako. Mtu wa umri wake huenda asihisi kiu mapema, na baadhi ya dawa za shinikizo humfanya mtu apoteze maji kwa mkojo. Mpelekeni kliniki anakochukua dawa, mwelezeni daktari jinsi chumba kinavyopata joto, na muulizeni anywe maji kiasi gani. Dawa zisipunguzwe kwa kukisia. Akionyesha kuchanganyikiwa, au ngozi ikawaka bila jasho, msimngojee apoe. Apelekwe hospitali mara moja, na njiani apanguswe kwa kitambaa chenye maji.

Kwa wasomaji wa upande wetu, Molo, Njoro na Nakuru, ambao mwezi wa saba hununua tokeni kwa ajili ya hita: hita ya wati 2,000 ikiwaka saa tatu kila jioni inamaliza uniti 180 kwa mwezi. Ni afadhali kumpasha mtu kuliko kupasha chumba. Chupa ya mpira yenye maji ya moto miguuni, soksi, blanketi mbili nyepesi badala ya moja nzito, na nguo iliyoviringishwa kuziba uwazi wa chini ya mlango. Dari anayoisifu Mjenzi inatufaa sisi vilevile, kwa kuwa hewa ya moto hupanda na kupotelea kwenye bati. Ila nawasihi kwa roho yangu yote, mtu yeyote asiingize jiko la makaa chumbani na kulala milango ikiwa imefungwa ili kuokoa stima. Makaa yakiwaka hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu wala moshi wa kukuamsha. Nimepokea familia zilizoletwa asubuhi, na si wote walioamka.

Mhasibu, Kakamega:

Naongeza jambo moja kuhusu bei. Tangu mwaka 2023 wateja wa nyumbani wamegawanywa katika makundi matatu: wanaotumia hadi uniti 30 kwa mwezi, wa kati ya uniti 31 na 100, na wanaozidi 100. Kundi la juu hulipa bei kubwa kwa kila uniti, na kundi lako hutokana na wastani wa matumizi ya miezi iliyopita. Juu ya bei hiyo huja ada ya mafuta, marekebisho ya fedha za kigeni, tozo ya umeme wa vijijini na VAT ya asilimia 16. Kwa hiyo Mwalimu akishuka chini ya 100 atafaidika mara mbili, japo faida ya pili itachelewa.

Mwalimu wa Migosi:

Nimerudi baada ya wiki mbili. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi niliandika uniti zilizobaki kwenye mita. Wiki ya kwanza tuliishi kama kawaida, isipokuwa feni ya Mama haikuzimwa: uniti 47. Wiki ya pili tulizima swichi ya shawa na kuoga kwa beseni maji yaliyokaa juani mchana katika mitungi meusi, na siku mbili za mvua tulichemsha sufuria moja kwa gesi: uniti 22. Feni ya Mama ilizunguka usiku na mchana wiki zote mbili. Kwa mwezi hiyo ni kama 94, kwa hiyo tuko ukingoni mwa lile kundi la kati, na nitajaribu kupiga pasi nguo zote mara moja kwa wiki.

Taa ya mita ilizimika swichi kuu ilipozimwa, kwa hiyo hakuna wizi. Mama amehamia chumba cha watoto, na vijana wamechukua cha magharibi kwa kuwa mchana hawapo. Seremala ameweka nyavu madirisha manne. Mwenye nyumba amekubali dari ya chumba kimoja, ila anataka kodi ikatwe kwa miezi sita badala ya mitatu niliyoomba. Mjenzi, kati ya jasi na mbao nyembamba, ni ipi itakayostahimili bati linalovuja kidogo kwenye kona?

Mjenzi wa Maseno:

Mwalimu, hakuna itakayostahimili, na jasi litaharibika kwanza. Mwambie mwenye nyumba azibe kona hiyo kabla ya dari, na gharama ya kuziba iwe yake, isiingie kwenye hesabu ya kodi.