Unga wa seli shina upigwe marufuku kwa wenye vidonda vya kisukari?

Mleta mada (Mwanjelwa, Mbeya): Wakuu, huku kwetu kuna watu wanazunguka maofisini na kwenye magrupu ya WhatsApp wakiuza unga wa "seli shina za tufaa", yaani seli changa zinazoweza kuzaa seli za aina nyingine. Wanadai unazibua mishipa ya damu na kuokoa mguu usikatwe. Jirani yangu mwenye kisukari akaununua, akaacha kliniki. Kidole gumba kilishakuwa cheusi, usaha unapenya soksi, yeye anakoroga unga asubuhi na jioni. Wamemkata chini ya goti. Nasema upigwe marufuku. Mnasemaje?

Mchangiaji (Tukuyu): Pole sana mkuu. Ila tusiitupe sayansi yenyewe. Pale Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, watoto wenye selimundu wanapandikizwa uloto, ule ute wa ndani ya mifupa, na uloto ndio nyumba ya seli shina. Tangu 1997 mtafiti Asahara na wenzake walieleza kuwa kwenye damu zimo seli tangulizi zinazosaidia kujenga mishipa. Kwa nini mgonjwa wa huku anyimwe?

Mleta mada: Ndugu yangu, hapo ndipo wauzaji wanapotunasa. Uloto wa Dodoma unatoka kwa ndugu aliyepimwa akalingana na mgonjwa, unaingizwa kwenye mshipa, na unatibu ugonjwa wa damu. Unga wa tufaa unaishia tumboni na kusagwa kama tufaa lolote la Njombe. Tena hata seli halisi hazijamaliza kazi. Mwaka 2002 madaktari wa Japani walidunga seli za uloto kwenye misuli ya miguu isiyopata damu, matumaini yakapanda. Jaribio la Uholanzi lenye wagonjwa 160, lililotoka 2015, halikuona tofauti ya kukatwa miguu kati ya waliopewa seli za uloto na wasiopewa. Nyingi ya seli hizo hazigeuki kuwa mshipa. Zinatoa protini zinazoichochea mishipa iliyopo ichipue. Na kisukari chenyewe huzipunguza na kuzidhoofisha.

Mchangiaji (Iringa, muuguzi): Marufuku naiunga mkono, kaka, lakini mtu wa Makete akipiga hesabu ya nauli ya kuja kusafishwa kidonda kila mara, unga unaoletwa mlangoni unamshinda nguvu. Sukari ishushwe, sigara iachwe, nyayo zikaguliwe kila jioni, na zahanati ya kijiji iwe na mtu anayejua kupapasa mapigo ya mguu. Hayo tunayaweza sasa hivi. Nani anayadai kwa diwani wake?