Njia za kulipia mjini: serikali inasaini mkataba wa kulinda foleni, na walipaji ni sisi

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Kila mji unaoelemewa na foleni siku hizi unaletewa dawa ileile: njia za haraka za kulipia, zijengwe kwa ubia wa serikali na kampuni binafsi. Wanakuja na video ya kompyuta, magari yanateleza kwenye lami mpya, mtembea kwa miguu haonekani hata mmoja, na juu yake ahadi kwamba serikali haitatoa hata senti. Watu wanapiga makofi, wanahabari wanapiga picha, imeisha hiyo. Mkataba wenyewe hauonyeshwi. Na ubaya wote umo humo.

Tuelewane kwanza biashara hii inavyokwenda. Anayejenga njia mbili za kulipia katikati ya barabara ya bure hauzi lami, kwa sababu lami ya bure iko hatua chache pembeni yake. Anauza kutokukaa kwenye foleni. Bila foleni hana mteja. Siku njia za bure zikipitika vizuri, nani atatoa pesa yake? Mwekezaji analijua hilo, na mabenki yanayomkopesha yanalijua zaidi, maana sehemu kubwa ya gharama ni mkopo, na mkopo unategemea tozo. Kwa hiyo kabla hata greda halijawashwa wanadai ulinzi: serikali isipanue barabara ya jirani, isijenge nyingine inayokwenda sambamba, na ikithubutu kufanya hivyo ilipe fidia ya mapato yaliyopotea. Muda wake ni miaka 30, 50, wakati mwingine zaidi. Waziri aliyesaini anastaafu, anazeeka, anazikwa, kifungu bado kinafanya kazi.

Hiki ndicho kinachonichoma. Serikali ninayoilipa kodi iniondolee foleni inajifunga kwa maandishi isiiondoe.

Msiniambie natia chumvi. Tazameni Kaunti ya Orange, California. Desemba 1995 zilifunguliwa pale njia za kulipia zenye urefu wa kilomita 16 hivi, katikati ya barabara kuu namba 91. Kampuni binafsi ilizijenga kwa takriban dola milioni 130, kwenye eneo la barabara ya umma, ikapewa haki ya kuziendesha kwa miaka 35. Ndani ya mkataba kukawekwa ukanda wa maili moja na nusu kila upande, ambamo jimbo lilikatazwa kuongeza uwezo wa barabara mpaka mwaka 2030. Wakati huohuo makazi yalikuwa yanaongezeka kwa kasi upande wa kaunti jirani ya Riverside, na watu hao walikwenda kazini Orange kwa barabara hiyohiyo kwa sababu milima imeziba kwingine. Foleni ikawa ya kutisha. Mwaka 1999 idara ya barabara ya jimbo ikataka kuongeza vipande vya njia pale magari yanapoingiliana, kwa hoja ya usalama. Kampuni ikaenda mahakamani. Idara ikarudi nyuma, mpango ukafa.

Hebu tulieni hapo kidogo. Chombo cha umma kinataka kurekebisha barabara ya umma ili watu wasiumie, kinakwamishwa na karatasi kiliyoisaini chenyewe! Na hakuna aliyevunja sheria. Kampuni ilidai haki yake kama ilivyoandikwa. Ndiyo maana hasira yangu siielekezi kwa mwekezaji kwanza, naielekeza kwa aliyekaa upande wetu wa meza siku ile na akakubali.

Iliishaje? Baada ya malumbano ya miaka, mamlaka ya usafiri ya kaunti ilizinunua njia zile Januari 2003 kwa dola milioni 207.5, na kifungu kikafutwa. Umma ulilazimika kununua upya haki ya kupanua barabara yake. Tozo bado ipo pale hadi leo, lakini sasa iko mikononi mwa chombo cha umma.

Baada ya aibu ile, mikataba mingi iliyofuata iliacha neno marufuku ikashika neno fidia. Kwetu sisi tunaolipa tofauti ni ndogo sana, kwa sababu serikali isiyo na pesa ya kujenga barabara haitakuwa na pesa ya kulipa fidia, kwa hiyo haitajenga kitu. Charlotte, North Carolina, mkataba wa njia za kulipia za barabara kuu ya I-77 ulisainiwa 2014 kwa miaka 50 ya uendeshaji, na jimbo likiongeza njia za bure ambazo hazikuwamo kwenye mpango, mwekezaji anaweza kudai fidia. Miaka hamsini! Mtoto anayezaliwa siku njia zinafunguliwa atakuwa na wajukuu ndipo mji wake uwe huru kuamua barabara yake.

Virginia ndiyo iliyonimaliza kabisa. Njia za haraka za barabara ya 495, zilizofunguliwa 2012, zinayaruhusu magari yenye watu watatu au zaidi kupita bure. Jambo jema, kila serikali inawaomba watu wapande gari moja. Sasa, mkataba ukaweka kwamba magari ya namna hiyo yakivuka asilimia 24 ya magari yaliyomo, kwa masharti yaliyoainishwa, jimbo linamfidia mwekezaji kwa sehemu ya tozo aliyoikosa. Someni tena. Raia wakitii ombi la serikali yao kupita kiasi, serikali inadaiwa.

Halafu kuna suala la makadirio ya magari. Huwezi kupata mkopo wa mradi huu bila ripoti inayosema magari mengi yatapita, kwa hiyo ripoti inasema magari mengi yatapita. Wachambuzi wa kampuni inayopima uwezo wa wakopaji kulipa madeni, Standard & Poor's, wakiongozwa na Robert Bain, walipitia zaidi ya miradi 100 ya barabara za kulipia miaka ya 2000 wakakuta magari halisi ni wastani wa asilimia 77 ya yaliyotabiriwa. Huo ni wastani tu. Cross City Tunnel ya Sydney, Australia, handaki la kulipia lililofunguliwa Agosti 2005, lilitabiriwa kupata magari kama 90,000 kwa siku. Hayakufika hata nusu. Na kibaya zaidi, barabara za bure zilizo juu ya handaki zilikuwa zimebanwa, njia zimepunguzwa, na watu wa Sydney waliona wazi kwamba wanasukumwa kwenye handaki kwa nguvu. Wakachachamaa, baadhi ya mabadiliko yakarudishwa nyuma, na Desemba 2006 kampuni ikawekwa chini ya mfilisi.

Watetezi watasema: umeona, hasara imebebwa na mwekezaji, si wewe. Pale Sydney wenye hisa walipoteza kweli. Lakini wawekezaji wengine nao wamesoma somo hilo, ndiyo maana leo wanadai dhamana ya mapato ya chini, yaani magari yakiwa pungufu hazina ya serikali inajazia. Korea Kusini iliwapa dhamana hiyo, ikiwamo barabara ya kwenda uwanja wa ndege wa Incheon, magari yakawa machache kuliko makadirio na hazina ikawa inajazia mwaka baada ya mwaka. Ilikuja kuufuta utaratibu huo kwa miradi mipya, na kufikia 2009 ulikuwa umeondoka. Mikataba ya zamani iliendelea kudai.

Sasa bei. Kwenye njia nyingi za aina hii tozo haikai mahali pamoja. Dallas, Texas, kwenye njia za kulipia za barabara kuu ya LBJ, inaweza kubadilika kila dakika tano, na mkataba ni wa miaka 52. Ubao wa umeme unawaka juu ya barabara, namba inapanda kadiri njia za bure zinavyojaa, na dereva ana sekunde chache za kuamua. Kwenye 495 ya Virginia tozo haina kikomo cha juu. Wataalamu wanasema bei inayopanda ndiyo inayofanya njia isijae, na hilo nalikubali, kiufundi ni kweli. Lakini maana yake siku ya mvua, siku ya ajali, siku unayomkimbiza mgonjwa, ndiyo siku utakayokamuliwa zaidi, na pesa hiyo inakwenda kwa mtu ambaye foleni yako ni faida yake.

Na mkopo ukiwa wa dola mambo yanazidi kuharibika. Nairobi Expressway, kilomita 27, ilifunguliwa 2022 chini ya mkataba wa miaka 27. Januari 2024 tozo zikapandishwa, na sababu iliyotolewa ni kushuka kwa shilingi dhidi ya sarafu za nje. Anayepita pale analipwa mshahara kwa shilingi. Hakuna aliyemuuliza kama anataka kubeba hatari ya dola, amebebeshwa tu.

Nimehudhuria mkutano wa kutoa maoni juu ya mradi wa namna hii. Kulikuwa na vipeperushi vya rangi na mchoro mkubwa ubaoni. Mama mmoja akasimama, akauliza watoto wa shule watavukia wapi. Afisa akaweka kidole kwenye mchoro, akakipandisha, akakishusha, akarudi tena juu. Kivuko hakikuwepo. Akasema litazingatiwa. Mimi nikauliza kama mkataba una kifungu cha kuizuia serikali kupanua barabara ya zamani au kuilipisha fidia. Nikajibiwa kuwa hiyo ni siri ya kibiashara. Nikauliza tutausoma lini. Baada ya kusainiwa, tena muhtasari. Sasa tuliitwa kutoa maoni juu ya nini? Juu ya rangi ya vipeperushi?

Siri hii haina utetezi. Bei ya zabuni kabla ya kufungua bahasha, sawa, iwe siri. Lakini kifungu kinachoifunga mikono serikali kwa nusu karne ni sheria kwa jina lingine, na sheria haipitishwi gizani. Chicago mwaka 2008 madiwani walipitisha kukodisha mita za maegesho za jiji kwa miaka 75, kwa dola bilioni 1.15, siku chache tu baada ya kuletewa. Jiji limebaki likidaiwa kila linapoziondoa nafasi zile kwenye matumizi. Wajukuu zao ndio watakaoumaliza mkataba huo.

Najua atakuja mtu hapa chini aseme serikali haina pesa, bila mwekezaji hamna barabara. Kaka, dada, mwekezaji naye hana pesa ya bure. Anakopa, mara nyingi kwa riba kubwa kuliko ambayo serikali ingekopa, anaongeza faida yake, na vyote viwili vinatoka mfukoni mwako. Na sipingi tozo. Singapore inatoza magari yanayoingia katikati ya mji tangu 1975, London tangu 2003, Stockholm ilianza kwa majaribio 2006 na magari yakapungua kwa karibu asilimia 20. Kule kote foleni ikipungua ni ushindi wa mwenye barabara. Hakuna anayekwenda mahakamani kuidai irudi.

Kama lazima mbia awepo, alipwe na serikali kwa kuiweka barabara wazi na katika hali nzuri, akatwe pesa ikiharibika, na tozo iingie hazina. Utaratibu huo upo na unatumika. Hapo mbia hana sababu ya kuombea foleni. Kifungu cha fidia kwa barabara za jirani kiondolewe chote, na mabasi ya abiria yapite bure kwa muda wote wa mkataba bila mtu kuidai serikali chochote, maana basi moja lililojaa linabeba watu wengi kuliko msururu mzima wa magari madogo yanayolipa. Na mkataba mzima, viambatisho vyote, uwekwe hadharani angalau miezi mitatu kabla ya kusainiwa. Mwekezaji anayekimbia kwa sharti hilo aende salama.

Kuna watu humu wamefanya kazi kwenye timu za majadiliano ya miradi hii, upande wa serikali. Nawaomba mjibu moja tu: kile kifungu kilipoletwa mezani, kuna mtu aliyepiga hesabu ya gharama yake kwa wananchi kabla ya kukikubali, na hesabu hiyo iko wapi?