Ushauri: Mdogo wangu anatakiwa kuwekewa kauri kwenye mfupa wa mguu

Kaka_Mkubwa: Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu alipata ajali ya bodaboda, mfupa wa ugoko ukavunjika vibaya na kipande kikapotea. Amefungwa vyuma vya nje, ngozi imeanza kufunga, ila kwenye eksirei bado kuna pengo la kama sentimita 4. Daktari anataka kuchota mfupa wa nyonga, na kwa kuwa hautatosha, auchanganye na punje za kauri. Mama hali wala halali, anauliza kama mwanawe atatembea na udongo mguuni. Mwili hautaikataa? Itabidi itolewe baadaye? Jumatatu tunatakiwa kutoa jibu.

Tabibu wa Mifupa: Pole sana mkuu. Mwambie mama siyo udongo wa chungu. Ugumu wa mfupa wetu unatokana na madini ya kalsiamu na fosfeti, na kauri hiyo ni ya jamii hiyohiyo, ndiyo maana mwili huipokea. Ina vitundu vidogo sana, mishipa ya damu hupenya humo, seli zikafuata na kujenga mfupa mpya. Ulizeni ni aina gani. Trikalsiamu fosfeti huliwa na mwili polepole, miezi kadhaa hadi mwaka na zaidi. Haidroksiapataiti hukaa miaka mingi. Zote hazihitaji kutolewa.

Lakini kauri peke yake haina uhai. Seli hai zinatoka kwenye nyonga, kwa hiyo msimkatalie daktari kuchota huko.

Mke wa Dereva: Ulizeni habari ya usaha kwanza! Mume wangu alipandikizwa wakati maambukizi hayajaisha, mfupa wote ukaharibika, wakaanza upya. Mkiona kidonda kinatoa majimaji, hata kidogo, semeni.

Tabibu wa Mifupa: Dada kasema jambo kubwa kuliko langu. Penye usaha hapapandikizwi.

Mwanachuo_Baiolojia: Mbona asiwekewe seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka seli za mfupa? Mwaka 2001 madaktari wa Italia waliripoti wagonjwa 3 waliowekewa haidroksiapataiti iliyopandwa seli za uboho wao wenyewe, zilizooteshwa maabara.

Tabibu wa Mifupa: Ni kweli, na inatia moyo. Ila mpaka leo siyo tiba ya kawaida. Seli zinaoteshwa kwa wiki kadhaa kwenye maabara maalumu. Kaka, akija mtu kuwauzia sindano ya seli shina, msiuze kiwanja.

Kaka_Mkubwa: Asanteni sana. Vyuma vitatolewa siku hiyohiyo? Na anavuta sigara.

Tabibu wa Mifupa: Aache leo, sigara inabana mishipa ya damu na mfupa unachelewa kuunga. Vyuma hapana. Kauri haibebi uzito, inapasuka. Lazima kitu kishike mguu, iwe hivyo vya nje au chuma cha ndani, hadi eksirei ionyeshe mfupa umeshikana. Asikanyage kabla hajaruhusiwa.

Kaka_Mkubwa: Jumatatu naanza na swali la usaha. Mama nimemsomea yote, amekubali kwenda nami.

Mke wa Dereva: Nendeni na eksirei zote, hata za mwanzo.