Naomba ushauri: swali la 9 kwenye dodoso la afya ya akili

Wadau, habari zenu. Tunaandaa dodoso la nyumba kwa nyumba. Ustawi tutaupima kwa WHO-5, kipimo cha Shirika la Afya Duniani: maswali 5 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila jibu alama 0 hadi 5, jumla mara 4. Anayepata 50 kushuka chini anahitaji kuangaliwa zaidi. Hiyo bado si kusema ni mgonjwa. Sonona tutaipima kwa PHQ-9, kipimo cha maswali 9 ya dalili zake, alama 0 hadi 27, kizingiti 10 (kuanzia hapo mtu anahitaji kuangaliwa zaidi).

Kinachotunyima usingizi ni swali la 9 la PHQ-9, la mawazo ya kujidhuru au kuona afadhali kufa. Mtu akijibu hata "siku kadhaa", mhojaji hawezi kuweka alama ya vema na kufungua ukurasa. Lazima awe na mshauri wa kumpigia papo hapo. Palipo mbali na huduma, tulitoe swali hilo tubaki na PHQ-8, au tusianze kabisa? Naegemea kusubiri, maana kulitoa hakumwondolei mtu mawazo hayo.

La pili ni faragha. Mama mkwe akiwa amekaa mlangoni, mkwe atajibu "sijambo" kwa kila swali. Mnawatengaje bila kuzua maneno?

Halafu tafsiri: "huzuni" wengine wanaielewa kuwa ni msiba tu. Mmetumia neno gani likaeleweka kwa wazee na vijana?

Sampuli tumeshaipanga: mtu mzima 1 kila kaya, kwa kura, na ziara za jioni ili wanaoshinda kazini wasikosekane.